Msidai jengo, daini huduma: mbinu za kupigania vyoo vya umma Nairobi

Kabla hamjamwandikia gavana barua, hesabuni vyoo. Kundi la wakazi likifika ofisini na malalamiko ya jumla, kwamba vyoo ni vichafu na havitoshi, afisa wa kaunti atalisikiliza kwa heshima, ataandika mstari mmoja kwenye daftari lake, na mambo yataishia hapo. Likifika na karatasi inayoonyesha kwamba choo hiki hakijapata maji tangu Machi, kile hufungwa saa kumi na mbili jioni ilhali matatu hupakia abiria hadi saa nne usiku, na cha tatu kina milango minne upande wa wanawake lakini miwili haina komeo, afisa huyo amepata maswali yanayotaka majibu.

Haya nayaandika nikiwafikiria hasa watu wa Nairobi ambao siku nzima hawana mlango wa kuingia. Anayefanya kazi ofisini ana choo cha ofisi. Mchuuzi wa Muthurwa au Gikomba, kondakta wa matatu, mwenda kwa miguu aliyetoka Kangemi kutafuta kazi katikati ya jiji, mzee aliyeletwa hospitalini na kuambiwa arudi saa nane, wote hawa wanategemea choo cha umma. Wapo akina mama sokoni wasiokunywa maji kutoka asubuhi hadi jioni kwa sababu hawajui watajisaidia wapi, na wanaolipia hayo ni mafigo na vibofu vyao. Katika sensa ya 2019 jiji lilikuwa na watu 4,397,073, bila kuhesabu wanaoingia kila asubuhi kutoka Kiambu, Kajiado na Machakos. Hili ni jambo la heshima ya mtu, na linastahili kupiganiwa kwa akili na kwa mpango. Sheria nitakazotaja ni za Kenya nzima, kwa hiyo aliye Mombasa, Kisumu au Nakuru naye anaweza kuzitumia.

Mtazamo wangu niuseme mapema, maana ndio unaoongoza mashauri yote yanayofuata. Msidai jengo. Daini huduma. Jengo ni rahisi kwa mwanasiasa: lina jiwe la msingi, lina utepe, lina picha. Kinachokosekana ni maji ya kila siku, komeo linalofunga, balbu inayowaka, mhudumu anayelipwa, na mtu mwenye jina anayewajibika vyote hivyo visipokuwepo. Kampeni inayoomba vyoo vipya kumi hupata viwili, na baada ya mwaka mmoja vyote viwili vimefungwa kwa kufuli.

Hesabu inayoaminika

Anzeni na eneo mnaloweza kulizunguka kwa miguu: soko moja na steji zake, au wadi moja. Nairobi ina wadi 85. Msijaribu jiji zima. Andaeni fomu ya ukurasa mmoja ambayo mtu anaweza kuijaza akiwa amesimama, kisha mtume watu wawiliwawili.

Fomu iulize nini? Saa choo kinapofunguliwa na kufungwa, na iwe saa halisi, si ile iliyoandikwa ukutani. Ada kwa mtu mzima na kwa mtoto, na kama imebandikwa mahali inapoonekana. Idadi ya vyumba upande wa wanawake na upande wa wanaume, kisha vingapi kati ya hivyo vinatumika. Je, maji yanatoka kwenye koki wakati huohuo mlipofika? Kuna sabuni? Kuna taa? Kila mlango una komeo? Kuna pipa lenye mfuniko la kutupia sodo, au wanawake wanalazimika kubeba uchafu wao kwenye mkoba? Kuna mahali pa kumbadilisha mtoto nepi? Kuna ngazi mlangoni? Kiti cha magurudumu kinapita? Hili la mwisho asiulizwe mtu mwenye ulemavu baadaye kwa hisani: apewe fomu aende mwenyewe, aingie, afunge mlango, kisha aandike. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa haki ya kufika mahali pote pa umma, na neno lake litabeba uzito ambao lenu halina.

Ulizeni pia kinyesi kinakwenda wapi. Choo kilichounganishwa na mfereji mkuu wa maji taka kina matatizo tofauti na choo chenye tangi linalohitaji gari la kunyonya, na vyote viwili ni tofauti na choo kinachomwaga kwenye mtaro unaoelekea Mto Nairobi. Mhudumu hujua. Mkiona bomba limeelekezwa mtoni, mwiteni afisa wa afya ya umma wa wadi siku hiyohiyo. Msingoje ripoti yenu ikamilike.

Nendeni mara tatu: alfajiri saa kumi na mbili, mchana saa saba na usiku saa mbili. Choo kimoja huwa vyoo vitatu tofauti kwa saa hizo. Alfajiri kimefungwa, mchana kina foleni, usiku hakina taa na mwanamke haingii. Rudini siku ya soko kuu, na siku ya mvua kubwa ikiwezekana. Foleni ipimeni kwa simu: anzeni kuhesabu mtu anaposimama wa mwisho, simamisheni anapoingia, kwa wanawake na kwa wanaume kando. Tofauti ya dakika kati ya foleni hizo mbili itawasaidia kuliko hotuba yoyote kuhusu usawa wa kijinsia.

Hesabuni na mahali pasipo na choo. Kila ukuta ulioandikwa "Usikojoe hapa" ni ushahidi wa watu walioshindwa kupata pa kwenda. Uwekeni alama kwenye ramani. Steji isiyo na choo umbali wa dakika tano kwa miguu, iwekeni alama. Ramani yenyewe haihitaji fedha nyingi: vijana wa Kibera walianza mwaka 2009, kupitia mradi wa Map Kibera, kuingiza mtaa wao kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, vyoo vikiwemo, wakati ambapo ramani nyingi za jiji bado zilikuwa zikiiacha Kibera kama eneo tupu. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuongeza choo kwenye ramani hiyo leo, na afisa wa mipango anaweza kukiona.

Picha pigeni za vitu, kamwe msipige za watu. Komeo lililovunjika, koki kavu, pipa lililofurika. Mtu anayetoka chooni asijikute kwenye kampeni yenu, hata kama amewapa tabasamu.

Kuhusu wahudumu nina ombi. Vyoo vingi vya katikati ya jiji vimekuwa vikiendeshwa na vikundi vya vijana, na kwa baadhi yao hiyo ndiyo ajira pekee waliyowahi kuipata jijini. Mkifika na fomu bila kujitambulisha watadhani mmetumwa kuwafukuza, na watakuwa na sababu. Jitambulisheni, semeni mnachotafuta, waulizeni kinachowasumbua. Mtaambiwa mambo ambayo hakuna ripoti inayoyataja: maji yanayokatwa siku tatu na kununuliwa kwa mkokoteni, gari la kunyonya linaloitwa na kutofika, anayepita kuchukua "chai", glavu wanazojinunulia. Mhudumu akiwa upande wenu, mna shahidi wa kila siku. Akiwa dhidi yenu, ataifunga kampeni kwa kufuli moja.

Nani mwenye choo, na aliahidi nini

Hesabu ikishakamilika, tafuteni mwenye mamlaka. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti kazi ya huduma za maji na usafi, kwa hiyo mlango wa kwanza ni kaunti. Lakini ardhi inaweza kuwa ya wengine: steji inaweza kuwa juu ya ardhi ya reli, choo kikawa kwenye hifadhi ya barabara, au ndani ya uwanja wa hospitali. Maji na mabomba ya taka yako chini ya Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi. Kampeni nyingi hupoteza miezi zikimwandikia mtu asiye na ufunguo.

Hapa ndipo Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inapowafaa, na ni wakazi wachache wanaoitumia. Mwananchi yeyote anaweza kuandika ombi la habari kwa ofisi ya umma, na sheria yenyewe inasema anaweza kuliandika kwa Kiswahili. Hakuna ada ya kuwasilisha ombi. Mnaweza kudaiwa gharama ya kutoa nakala tu. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na ikiwa ombi ni kubwa inaweza kujiongezea siku 14, mara moja. Ikikaa kimya hadi muda uishe, kimya hicho huhesabiwa kuwa ni kukataa, nanyi mna siku 30 za kulipeleka suala kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama ofisi ya Ombudsman. Barua inaweza kuwa fupi hivi:

"Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, tunaomba nakala ya mkataba wa uendeshaji wa choo cha umma kilicho karibu na soko letu, jina la kikundi au kampuni inayokiendesha, kiasi inacholipa kaunti kila mwezi, bili za maji za miezi 12 iliyopita, na fedha zilizotengwa na zilizotumika kukikarabati katika miaka miwili ya fedha iliyopita."

Pelekeni nakala mbili. Moja iachwe, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na irudi nanyi. Bila muhuri huo, siku 21 hazina mahali pa kuanzia.

Mkataba mkiupata, mmepata kila kitu. Wakazi wa Khayelitsha, nje kidogo ya Cape Town, walilionyesha jambo hili mwaka 2013. Jiji lilikuwa limempa mwanakandarasi kazi ya vyoo vya kuhamishika katika vitongoji vyao. Wakazi, wakishirikiana na shirika la Social Justice Coalition, waliuchukua mkataba na kuusoma kifungu baada ya kifungu, kisha wakaenda mlango kwa mlango kulinganisha maandishi na vyoo vyenyewe. Vyoo vilivyolipiwa usafi wa kila siku havikusafishwa kila siku. Hawakuhitaji kubishana na jiji kuhusu haki au bajeti. Walisoma tu kile ambacho jiji lilikuwa tayari limekilipia. Njia hiyo huitwa ukaguzi wa kijamii, na hakuna sababu isifanyike Ngara au Eastleigh. Wekeni mkataba upande mmoja wa karatasi na fomu zenu upande wa pili.

Huenda mkaambiwa mkataba haupo, kwamba kikundi kinaendesha choo kwa maelewano ya mdomo. Msikate tamaa kwa jibu hilo. Lipateni kwa maandishi, kwa sababu mmeshapata dai la kwanza: mkataba uandikwe, na wakazi wauone kabla haujasainiwa.

Dai liwe jembamba

Mjini Mumbai, mwaka 2011, makundi ya wanawake yaliyokuwa yamezunguka kukagua vyoo vya umma yaligundua jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelihoji: mwanamume alikojoa bure, mwanamke alilipa. Waliweza kudai mambo mia moja. Walishika hilo. Kampeni yao, ambayo kwa Kiingereza iliitwa Right to Pee, ilielezeka kwa sentensi moja kwa mtu yeyote aliyesimama kituo cha basi, na jiji likakosa pa kujifichia. Madai mengine, ya vyumba zaidi na usafi, yalipata nafasi nyuma ya lile la kwanza.

Kwa Nairobi, dai lenu jembamba litatoka kwenye fomu zenu, si kwenye makala hii. Lakini nitasema ninayoyaona kuwa na nguvu. La kwanza ni saa. Choo cha steji kifunguliwe gari la kwanza linapoanza kupakia na kifungwe baada ya gari la mwisho. Halihitaji ujenzi, linahitaji zamu ya pili ya mhudumu, na gharama yake inajulikana. La pili ni tangi la maji lenye ukubwa wa kutosheleza angalau siku tatu, kwa sababu katika jiji linalogawiwa maji kwa zamu, choo kisicho na tangi ni choo cha siku kadhaa tu kwa wiki. La tatu ni idadi ya vyumba vya wanawake. Jengo lililogawanywa nusu kwa nusu huonekana la haki hadi uangalie foleni: mwanamke hutumia muda mrefu zaidi kwa sababu ya mavazi, hedhi, ujauzito na mtoto aliyemshika mkono, ilhali upande wa wanaume una mahali pa kukojolea kwa kusimama panapohudumia watu wengi kwa dakika chache. Wasanifu wa vyoo hupendekeza nafasi mbili za wanawake kwa kila moja ya wanaume. Palipo na jengo jipya kwenye mpango, hilo lisemwe kabla mchoro haujapitishwa. Baada ya zege kukauka hakuna atakayewasikiliza.

Suala la ada ni gumu, na nisingependa mlikimbilie. Kusema "vyoo viwe bure" kunapendeza. Lakini choo cha bure ambacho kaunti haijakitengea fedha hugeuka uvundo ndani ya mwezi mmoja, na wanaoumia kwanza ni walewale mliowatetea. Kwa upande mwingine, fanyeni hesabu ya mchuuzi. Akienda mara tatu kwa siku kwa shilingi 10, siku 26 za mwezi, ni shilingi 780, na akiwa na mtoto anayelipishwa kama mtu mzima, ni 1,560. Kwa mtu anayeuza sukuma wiki kwa mafungu, hiyo ni sehemu ya kodi ya nyumba. Sasa fanyeni na hesabu ya mwendeshaji. Tuseme mmehesabu watumiaji 400 kwa siku: kwa shilingi 10 ni shilingi 4,000 kwa siku, 104,000 kwa siku hizo 26. Toeni ujira wa wahudumu wa zamu mbili, maji, tishu, sabuni, umeme, gari la kunyonya na anacholipa kaunti. Kinachobaki, kama kinabaki, ndicho kinachoonyesha kama watoto, wazee, wajawazito, watu wenye ulemavu na wanaolala mitaani wanaweza kuingia bila kulipa, na kama kaunti inapaswa kupunguza inachokichukua ili hilo liwezekane. Kaunti inayokusanya kodi kutoka kwenye choo kisicho na sabuni imekosea, na hilo lisemwe bila kumung'unya maneno.

Kumbukeni jaribio la Ikotoilet, vyoo ambavyo David Kuria na kampuni yake ya Ecotact walianza kuvijenga jijini mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Mtu alilipa shilingi 5, akakuta maji na usafi, na kwenye jengo hilohilo palikuwa na mng'arisha viatu na muuza soda ambao kodi yao ilisaidia kukiendesha choo. Mkataba ulikuwa wa kujenga, kuendesha, kisha kukabidhi halmashauri baada ya muda. Mpango kama huo unaweza kuwafaa, lakini ulizeni mapema swali la siku ya makabidhiano: nani atachukua funguo, na mishahara italipwa kutoka fungu gani?

Palipo pagumu kupata ardhi, lipo dai jingine la gharama ndogo. Huko Richmond, London, halmashauri imewahi kulipa migahawa, maduka na baa ili ziruhusu mtu yeyote kutumia vyoo vyao bila kununua kitu, na kibandiko dirishani kikaonyesha hivyo. Kaunti inaweza kufanya jambo la jinsi hiyo kwa kupunguza ada ya leseni ya biashara. Mkahawa wenye vyoo viwili safi, unaofunguliwa hadi usiku, tayari umejengwa.

Tarehe za pesa

Wengi huamka mwezi Juni bajeti inaposomwa. Wakati huo mlango umeshafungwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kaunti lazima uwasilishwe kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, karibu mwaka mzima kabla ya fedha hizo kutumika. Mradi usiotajwa humo una njia ngumu sana ya kuingia baadaye. Waraka wa Mkakati wa Fedha hufuata kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti Aprili 30. Ada za huduma za kaunti nazo huwekwa kupitia Sheria ya Fedha ya kaunti, kwa hiyo anayetaka watoto wasilipe choo aende kwenye kikao cha mswada huo. Afisa wa soko hana uwezo wa kuzibadilisha ada hizo.

Vikao vya kushirikisha umma hutangazwa magazetini na kwenye mitandao, mara nyingi kwa muda mfupi, kwa hiyo mmoja wenu awe na kazi moja tu ya kufuatilia matangazo. Mkienda, chagueni msemaji mmoja, sentensi moja, takwimu moja: "Steji yetu inahudumiwa na choo kimoja chenye vyumba viwili vya wanawake vinavyofanya kazi, na foleni yao mchana ni dakika kadha, tunaomba fungu la tangi na zamu ya usiku liingie kwenye mpango." Wakabidhini nakala ya maandishi, muhuri ugongwe. Maneno ya ukumbini husahaulika kabla ya chai. Maandishi huambatishwa kwenye ripoti.

Mwakilishi wadi wenu, yaani diwani, mwoneni kabla ya Septemba, na mwoneni kama mtu anayeweza kufanya kazi nanyi. Mpeni ramani. Mwambieni ni fungu gani mnalolitaka na kiasi gani, kwa sababu diwani anayepewa malalamiko hana cha kufanya nayo, ila anayepewa mstari wa bajeti anaweza kuusimamia bungeni. Akitaka kuja kupiga picha choo kitakapofunguliwa, mkaribisheni. Anastahili sifa akifanya kazi, na sifa hizo zitamrudisha mwaka unaofuata mtakapoomba pesa za ukarabati.

Novemba 19 ni Siku ya Choo Duniani, iliyotambuliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2013. Itumieni kuzindua ripoti yenu, kwa sababu wanahabari huwa wanatafuta habari ya siku hiyo na Waraka wa Mkakati wa Fedha wa Februari bado uko mbele.

Wakiwapuuza

Kifungu cha 37 cha Katiba kinawapa haki ya kukusanyika kwa amani na kuwasilisha malalamiko, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inawaruhusu kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Ombi hilo lina umbo lake: lieleze tatizo, lieleze hatua mlizochukua awali na jibu mlilopata, liseme kwamba suala haliko mahakamani, na limalizie kwa kutaja waziwazi mnachoomba bunge lifanye. Zile barua zenye mihuri sasa zinapata kazi. Sahihi zinazoambatana na nambari za vitambulisho ni habari za watu binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Msizipige picha mkazituma kwenye vikundi vya simu.

Mkiamua kutoka barabarani, mpeni taarifa mkuu wa kituo cha polisi siku zisizopungua tatu na zisizozidi 14 kabla, na mkutano uwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka taarifa. Haisemi mwombe ruhusa. Kisha fikirieni umbo la maandamano yenyewe. Watu wa Khayelitsha, mwaka 2010, walikwenda Sea Point, mtaa wa matajiri ufukweni, wakapanga foleni ndefu mbele ya choo cha umma. Hawakurusha jiwe. Kila aliyepita alielewa. Foleni ya wanawake wa sokoni mbele ya mlango wa choo kilichofungwa, saa saba mchana, itaeleweka Nairobi vilevile.

Mahakama ni njia ya mwisho, lakini ipo. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya viwango vinavyofaa vya usafi, na Kifungu cha 22 kinasema hakuna ada ya kufungua kesi ya kutetea haki za Katiba.

Upinzani mwingine hautatoka serikalini. Mwenye duka hatataka choo karibu na mlango wake, na hofu yake ni ya kweli kwa sababu ameona vyoo vinavyonuka. Mtembeleeni kabla ya mchoro, mpelekeni kwenye choo kinachoendeshwa vizuri, mpeni nafasi kwenye kamati. Kuna watakaosema watu wa mitaani watalala humo au kuvunja vyombo. Jibu lao ni mhudumu aliyepo na taa inayowaka. Wanaolala mitaani wanahitaji choo kuliko wote waliomo kwenye mkutano huo, na msikubali wafanywe sababu ya kuwanyima wengine.

Siku ya pili baada ya utepe

Mkishinda, ndipo kazi ngumu inapoanza, na hapa ndipo kampeni nyingi huenda nyumbani. Kabla ya uzinduzi hakikisheni mambo haya yamo kwenye maandishi: mita ya maji iko kwa jina la nani na bili italipwa na nani, gari la kunyonya litaitwa baada ya muda gani kama hakuna mfereji wa taka, na vipuri vidogo, yaani koki, bawaba, makomeo na balbu, vitanunuliwa kwa fedha gani bila kusubiri zabuni. Choo hufungwa miezi mitatu kwa sababu ya koki ambayo fundi angeibadilisha kabla ya chakula cha mchana. Tengeni fedha kidogo za matengenezo kwenye mapato ya kila wiki, ziwekwe kwenye akaunti yenye watia sahihi watatu, mmoja wao akiwa mwanamke anayefanya kazi sokoni hapo. Mapato na matumizi ya mwezi yabandikwe mlangoni. Pembeni pawe na nambari ya simu ya anayewajibika, na mjaribu kuipiga.

Mhudumu apewe buti, glavu na chanjo zinazopendekezwa na maafisa wa afya. Mnapoomba usafi wa choo mnaomba kazi ya mtu, na mtu huyo alipwe kwa wakati.

Kisha hesabuni tena kila baada ya miezi mitatu, kwa fomu ileile na saa zilezile. Pelekeni matokeo kwa diwani na kwa afisa wa kaunti hata yakiwa mazuri, hasa yakiwa mazuri, kwa sababu afisa aliyezoea kupokea karatasi yenu hataishangaa siku itakapomwambia kwamba maji yamekatika.

Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unawasilishwa kufikia Septemba 1. Fomu zenu ziwe zimejazwa kufikia Julai, na ombi la kwanza la habari liwe limegongwa muhuri.